Kitambaa Cheupe Chini ya Bibi Harusi

Wewe unayesoma haya, usijifanye mgeni. Ile taa nyekundu inayowaka mbele ya dereva, umeiona. Ulikuwa umekaa kiti cha pembeni, ukaiona, ukageuza uso ukatazama dirishani. Ule mlio wa chuma kusaga chuma kila gari linapopunguza mwendo, umeusikia. Ukaongeza sauti ya redio. Na tairi lile lililolainika kama kisigino cha kandambili kuukuu, ulilipiga teke kidogo ukasema, "Litafika."

Litafika wapi?

Tunaukumbuka mteremko ule mrefu, wenye bonde upande mmoja. Tunalikumbuka gari dogo lililoacha njia mwaka wa mvua nyingi. Tunakikumbuka kiatu kimoja cha mtoto kilichobaki ukingoni. Watu walisimama, wakashika vichwa, wakasema ajali haina kinga. Mvua ikaosha vipande vya vioo barabarani, nao wakaosha kumbukumbu zao. Wengine hatukuosha.

Basi sikiliza habari za nyumba moja iliyobakiza kidogo tu kwenda kuacha viatu vyake pale.

Nyumba hiyo iko mwisho wa kichochoro, ina geti la kijani. Mke ni fundi cherehani. Mume ni mpaka rangi wa majumba. Wana binti mmoja, wamempa jina la utani Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Kwa kazi zao, mke na mume wote ni watu wa kufunika. Mume hufunika kwa rangi, mke hufunika kwa kitambaa. Ndani mwao televisheni ina shuka lake. Friji lina kofia. Mtungi wa gesi umevaa sketi ya marinda. Majirani huwatania: "Ukienda kwao usikae sana. Utashonewa foronya."

Na nje, ubavuni mwa nyumba, ndipo alipokuwa akilala Bibi Harusi.

Bibi Harusi ni gari lao. Lilikuwa zee hata siku walipolinunua, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Kipimo chake cha kilomita kilikuwa na tarakimu nyingi, utadhani ni namba ya simu. Lakini kwa macho! Mume alikuwa amelikwangua kutu, akalipaka rangi ya maziwa, akalisugua mpaka paka wa jirani akawa anagombana na kivuli chake mlangoni. Hata matairi aliyapaka rangi nyeusi ya kung'aa. Mke naye akalishonea viti nguo za mahameli, nyekundu iliyoiva, zenye maua. Akaweka kitambaa cha kutarizi juu ya dashibodi, chenye matamvua yanayoning'inia. Tairi la akiba, kule kwenye buti, akalishonea mfuko wa kamba.

Mwaka ule mkaguzi wa magari alilizunguka mara moja tu. Akajitazama kwenye rangi, akarekebisha kola yake, akabandika stika. Huyo naye tunamkumbuka.

Bibi Harusi alikuwa na tabia moja. Ukikanyaga breki mara moja, alisita. Ukikanyaga mara mbili, alisimama. Mume alisema, "Anapenda kubembelezwa." Watu wakacheka. Mke naye alicheka, na kila mara alipocheka alihisi kitu kama sindano iliyosahaulika ndani ya pindo. Hakusema.

Siku moja simu iliita, mke akiwa cherehanini. Alikuwa mama yake mzazi, anayeishi mbali, ng'ambo ya milima.

"Mwanangu, mdogo wako amepata kazi mji mwingine. Jumatatu anaondoka."

"Tumesikia, mama. Tunakuja kukuchukua. Chumba chako kiko tayari."

"Mtanichukua na nini? Basi silipandi. Daktari kasema nyonga hii isikunjwe safari nzima. Ninyooshe mguu, nipumzike njiani. Dereva wa basi atanisubiri mimi ninyooshe mguu?"

"Tunakuja na Bibi Harusi."

Mama akauliza, "Bado yuko hai?"

Jioni, wakila, mume alipanga safari kama mtu anayepanga ndoo za rangi. "Ijumaa alfajiri tunaondoka. Tunalala kule. Jumamosi tunarudi naye."

"Tutapita kwenye mteremko?" mke aliuliza.

"Kuna njia nyingine?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Nimemwambia fundi wa pale kona asikilize injini. Kasema inaimba."

"Inaimba nini, baba?" Chiriku alidakia.

"Kula chakula chako."

Mke alitazama sahani yake. Picha ilimjia kichwani: mama yake kiti cha nyuma, mguu mbovu umenyooshwa, bonde upande wa kushoto, na mguu wa mumewe ukikanyaga mara ya kwanza. Mara ya kwanza tu. Tonge likakwama kooni. Akanywa maji likashuka, na maneno yakashuka nalo.

Kesho yake Shangazi alikuja kuchukua suruali zake.

Huyu Shangazi si wa damu. Ni jirani. Aliendesha malori ya mizigo ujana wake wote, na kila alipofika kwenye mteremko aliweka gia ndogo kabisa, akashuka polepole kama anayeteremsha mayai. Madereva wenzake walimcheka wakambandika jina: Gia Moja. Wengi wao hawapo tena kumcheka.

"Shikamoo, Shangazi," mke alisema.

"Marahaba, fundi. Suruali zangu ziko wapi? Umepanua kiuno?"

"Nimepanua. Lakini kitambaa kimekwisha, Shangazi. Ukiongezeka tena itabidi tushone hema."

"Hema lenye mifuko, basi." Alicheka kwa sauti ya lori. Halafu akamwona mume nje, anasugua bampa. "Kijana wangu, harusi ya nani tena leo?"

"Hakuna harusi, Shangazi. Ijumaa tunamfuata mama mkwe, ng'ambo ya milima."

Kicheko cha Gia Moja kilikatika. Akatoka nje, suruali begani.

"Na hili?"

"Na hili. Kwani lina nini?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe. Breki zimefunguliwa lini mara ya mwisho?"

"Hazijawahi kunisumbua."

"Sikuuliza usumbufu. Nimeuliza lini. Mkanda wa injini, ule wa ndani, umebadilishwa lini?"

"Ah, huo ulikuwemo tulipolinunua."

"Na maji ya rejeta?"

"Naongeza kila wiki."

"Unaongeza kila wiki! Na yale ya wiki iliyopita yanakwenda wapi? Yanakwenda kusali?"

Mume alisimama wima. Hapendi kuulizwa mbele ya mkewe. "Shangazi, ng'ombe hazeeki maini. Injini hii inaimba. Muulize fundi wa kona."

"Ya maini nimekubali. Kwato je?" Gia Moja aligonga tairi kwa kidole cha mguu. "Nisikilize vizuri. Injini hukupeleka, breki hukurudisha. Kila mtu anasikiliza injini kwa kuwa ndiyo inayopiga kelele. Breki ni kama mama mwenye nyumba. Hasemi. Siku akiondoka ndipo mnajua alikuwa anafanya nini."

"Kwa hiyo unasema gari ni zee, lisiende?"

"Sijasema hivyo. Nimewahi kuendesha lori lililozaliwa kabla yangu, likapanda milima na kushuka. Na nimeona gari jipya likifa mapema, kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kulifungua boneti. Kilomita nyingi si ugonjwa. Kutojua ndiyo ugonjwa. Wewe hujui. Unakisia, unapaka rangi juu ya makisio."

Mume alirudi kusugua bampa.

Gia Moja akamgeukia mke. "Fundi, una kitambaa cheupe? Kikuukuu, kisicho na kazi?"

"Ninacho cha kitani, kimeungua kwa pasi."

"Kizuri. Jioni mkirudi kutoka mjini, gari likiwa bado na joto, liegesheni mahali tambarare. Tandika kitambaa chini, kuanzia mbele mpaka magurudumu ya nyuma. Lala. Asubuhi gari litakuwa limeandika lenyewe lililo moyoni. Asiye na kitambaa aweke boksi lililokunjuliwa. Ni mamoja."

"Mnataka kumlaza Bibi Harusi kwenye shuka!" mume alisema, akijaribu kucheka.

"Ndiyo," alijibu Gia Moja. "Bibi harusi hulazwa kwenye shuka. Tuone."

Asubuhi mke alikuwa wa kwanza kutoka. Alipiga magoti, akavuta kitambaa taratibu. Macho yake yamezoea madoa. Anajua doa la chai na doa la mafuta ya cherehani. Akakitandaza juu ya kamba ya nguo. Gia Moja akafika na kikombe mkononi. Mume akaja nyuma, amekunja mikono.

"Hili la mbele, jeusi, dogo kama kifungo," alisema Gia Moja. "Mafuta ya injini. Kwa kizee hiki si ajabu. Utakuwa unapima kwa kijiti kila asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama tambarare. Yakipungua, unaongeza. Hili hapa lenye rangi ya kutu ni maji ya rejeta. Bomba limechoka mahali. Ndiyo maana unaongeza kila wiki."

"Na hili?" mke aliuliza.

Lilikuwa pana, la manjano hafifu, kama mkojo wa mtoto. Lilikuwa mahali palipokaa gurudumu la nyuma la kulia. Gia Moja aliligusa, akasugua vidole. Liliteleza. Uso wake ulibadilika.

"Ingia ndani ya gari," alimwambia mume. "Washa."

Mume akawasha. Injini ikaimba kweli.

"Taa za mbele yako zinasemaje?"

"Zote ziliwaka, sasa zimezimika."

"Vizuri. Mwanzo zinawaka zote, injini ikinguruma zinapaswa kuzimika zote. Teremsha hendibreki. Umeteremsha mpaka mwisho? Haya." Gia Moja akaingiza mkono dirishani. Kwa kidole kimoja aliinua matamvua ya kitambaa cha dashibodi, pale kwenye pembe.

Chini ya matamvua, taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Mke aliitazama taa, akayatazama matamvua. Alikuwa ameyasokota mwenyewe, moja moja, siku nzima ya mvua. Yalikuwa mazuri.

"Imekuwa ikiwaka tangu lini?" mume aliuliza kwa sauti ndogo.

"Iulize hiyo taa," alisema Gia Moja. "Ilikuwa inakwambia kila siku. Ni mafuta ya breki. Mipira ya ndani ya gurudumu lile imechakaa, mafuta yanavuja. Mjini unakwenda polepole, unakanyaga mara mbili, unasema anabembelezwa. Kwenye mteremko, na mizigo, na mama mkwe nyuma, breki zimepata moto, ungekanyaga mara kumi. Ungekuwa unakanyaga hewa."

Mume alizima injini. Alibaki ameshika usukani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Gia Moja alisema, sasa taratibu. "Lakini safari hii yameumbuka maradhi, siyo nyinyi. Shukuruni."

Mke alizunguka upande wa dereva. "Mimi nilijua," alisema. "Siyo hii taa. Ule mguu wako. Nilikuwa nasikia unakanyaga mara mbili."

Mume hakumtazama. "Nilijua kuwa unasikia."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Wakatazamana. Miaka yote ile walikuwa wamekaa bega kwa bega, kila mmoja akijua, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme. Wewe msomaji usiwacheke. Kwako nako, nani anamsubiri nani?

Tangu dakika ile gari halikusogezwa. Gia Moja alikataza hata kulipeleka gereji. "Gari lisilo na breki halijiendeshi kwenda hospitali. Fundi ndiye anakuja." Akampigia fundi wa breki anayemwamini, yule anayefungua gurudumu kabla ya kufungua mdomo.

Wakati wanamsubiri, mke alichukua mkasi. Alikata nyuzi za kitambaa cha dashibodi, akakiondoa chote. Halafu akafungua mfuko wa tairi la akiba. Kamba ilikuwa imekauka, haijaguswa tangu alipoifunga. Tairi lililotoka humo halikuwa na upepo hata wa kupuliza puto.

"Mke wangu," mume alisema, "tairi limevaa vizuri kuliko mimi."

Alitamani kucheka, lakini alitoa kisu chake cha kukwangulia rangi, akachutama kwenye gurudumu la mbele. Alikwangua rangi yake mwenyewe. Chini yake kulikuwa na nyufa nyingi, kama tope lililokauka wakati wa kiangazi. Mifereji ya tairi, ile inayoshika barabara, ilikuwa imefutika ikabaki kumbukumbu. Gia Moja akamwonyesha tarakimu nne ubavuni, ndani ya kiduara. "Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi huzeeka hata likikaa tu. Mpira hukauka ndani. Ukiona nyufa, usibishane nalo. Na tairi la akiba linahesabiwa pamoja na wenzake."

Chiriku alikuwa amekaa kiti cha nyuma, miguu inaning'inia nje.

"Mama, na mikanda?"

"Mikanda gani?"

"Ya kujifunga. Iko huku chini ya nguo ya kiti. Mimi huwa naikalia, inanichoma."

Mke alipapasa mahameli. Kweli, chini ya maua kulikuwa na kitu kigumu. Vifungo vyote vya mikanda ya nyuma vilikuwa vimezikwa chini ya nguo alizoshona. Miaka yote binti yake alikuwa anakaa nyuma bila kufungwa, juu ya mkanda wenyewe.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Nilisema. Mkaniambia nisiwe Chiriku."

Mke alikaa chini, kwenye udongo, mkasi mkononi. Akalia kidogo, akajifuta kwa kona ya kitambaa chenye madoa. Kisha akainuka akaingia kitini, akaanza kukata matundu. Mahameli mazuri, maua yaliyokamilika. Alikata bila huruma, akapindika kingo kwa uzi mzito, akavuta mikanda yote nje. Akaijaribu mmoja mmoja: kuivuta ghafla uone inakamata, kuifunga, kuifungua.

Fundi wa breki alipofika alifanya kazi palepale uani. Alifungua magurudumu yote manne, siyo lile linalovuja tu. Akabadilisha mipira ya ndani, pedi za breki za mbele na viatu vya breki vya nyuma, akatoa mafuta ya breki ya zamani, akaweka mapya na kutoa hewa yote kwenye mabomba. Sasa gari likaweza kwenda gereji. Huko walibadilisha mabomba ya rejeta, wakaisafisha, wakaweka maji yake maalumu badala ya maji ya bomba. Wakakagua feni, betri, taa zote, usukani na vyuma vilivyo chini.

"Na huu mkanda wa injini?" mume aliuliza.

"Hujui umri wake?" fundi alijibu. "Basi ni mzee. Usiyemjua umri, mwamkie. Huu ukikatika, injini yako inayoimba inanyamaza moja kwa moja."

Ukabadilishwa.

Lakini Ijumaa ilikuwa imeshafika, na matairi yalikuwa hayajapatikana. Mke ndiye aliyepiga simu.

"Mama, hatuji leo."

"Nimeshafunga mizigo! Nimeshaaga mpaka kuku!"

"Gari lilikuwa na breki mbovu, mama. Tungekuja, tungeanguka nawe."

Mama akasema, "Mdogo wako atamwomba jirani alale hapa kwangu siku chache. Kuku nitawaambia nimeahirisha. Wewe, nani kakufundisha kusema kweli mapema namna hii? Kwenu ni watu wa kufunika."

"Tumefunuliwa, mama."

Matairi yalipofungwa, mume alikuwa na hamu ya kuondoka papo hapo. Gia Moja akamzuia tena.

"Unataka kulijaribia wapi? Kwenye mteremko? Gari lililotengenezwa jana halipelekwi mbali leo. Pakia mifuko ya mchanga, uzito kama wa watu na mizigo mtakayokuwa nayo. Twende kilima cha machimbo, karibu na nyumbani. Likifa huko, tutarudi kwa miguu tukila njugu."

Walikwenda. Walipanda kilima na kushuka, wakapanda tena. Gia Moja alikaa nyuma, juu ya mchanga, akitoa amri. Angalia mshale wa joto. Unapanda au umetulia? Umetulia. Achia usukani kidogo, mahali pasipo watu. Gari linavuta upande? Halivuti. Sasa kanyaga breki. Mara moja!

Mume alikanyaga mara moja. Bibi Harusi akasimama, mfuko mmoja wa mchanga ukamwangukia Shangazi miguuni.

"Aa!" alipiga kelele Gia Moja. "Hiyo ndiyo breki! Mniache nifurahi na maumivu yangu."

Waliporudi, walitandika kitambaa cheupe tena, kipya safari hii. Asubuhi kilikuwa na kifungo kimoja cheusi, basi. Chini ya magurudumu palikuwa peupe kama karatasi.

"Sasa nenda," alisema Gia Moja. "Ungefeli hapa, ningekwambia ukodi gari, na usingeona aibu. Mtu apende chake, lakini asikitukuze mpaka kimwue. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi. Beba maji. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa na moto, itakubabua uso. Pumzikeni kila saa mbili, mguu wa mama na kichwa cha dereva. Na kwenye mteremko?"

"Gia ndogo," walijibu wote watatu, pamoja na Chiriku.

"Kabla ya kuanza kushuka, siyo katikati. Injini ndiyo ikushike. Breki ukizikalia njia nzima zinaungua. Na usishuke gia ikiwa huru, hata kama shetani mwenyewe anakupigia honi nyuma."

Safari ya kwenda ilikuwa ya mawingu na njugu. Kule walimkuta mama mlangoni, mizigo imepangwa, kuku wanamtazama kwa mashaka. Mama aliingia kiti cha nyuma polepole, akapapasa mahameli.

"We mwanangu, fundi mzima, unapanda gari lenye matundu?"

"Ni ya mikanda, mama. Nimeyakata mwenyewe."

"Yamekaa vibaya."

"Najua."

"Haya, nifunge."

Kurudi, walifika kwenye mteremko mchana. Mume aliweka gia ndogo kabla hawajakipita kibao cha onyo. Gari likanguruma, likashuka kwa adabu. Magari mengine yakawapita. Dereva mmoja akapiga honi, akatoa mkono dirishani kuwadhihaki. Mume hakugeuka. Bonde lilikuwa upande wa kushoto, lile lile.

Baada ya kona, katikati ya njia, lori la matofali lilikuwa limesimama. Halikuwa na taa. Halikuwa na alama.

Mke aliliona. Mguu wake ulikanyaga sakafu mbele yake, mahali pasipo na breki. Akasubiri mara ya pili.

Haikuwepo mara ya pili. Mume alikanyaga mara moja, na Bibi Harusi akasimama. Akasimama palepale, wima, kati ya lori na bonde, ikibaki nafasi ya mtu kupita na ndoo yake. Mikanda ilikuwa imewakamata wote vifuani.

Mume akaanza kucheka, taratibu, paji la uso kwenye usukani. Mke naye akacheka, machozi yakimtoka. Na safari hii hakuhisi sindano yoyote. Chiriku akacheka kwa kuwa wao wanacheka.

Mama, aliyekuwa amelala, akafumbua macho. "Tumefika?"

"Bado, mama."

"Basi mnacheka nini?"

"Tutafika, mama," mke alisema. "Lala. Tutafika."

Wakafika. Mama yuko kwenye chumba chake, na amekataa katakata kikombe chake kivalishwe nguo. Dashibodi ya Bibi Harusi iko wazi. Kila Jumamosi kitambaa cheupe hutandikwa chini yake, na asubuhi yake watu wa nyumba ile hukisoma kama gazeti.

Sasa wewe. Uliyegeuza uso mwanzoni mwa habari hii, geuza tena huku. Gari unalopanda kesho, lako au la kukodi, la baba yako au la kazini, tarakimu zake ni ndefu na wewe hujui breki zake zilifunguliwa lini. Usiniambie mkaguzi ameweka stika. Usiniambie injini inaimba. Usiniambie limekwenda miaka yote, kwa maana hata lile la mwaka wa mvua nyingi lilikwenda miaka yote mpaka siku ile.

Inua matamvua. Uliza dereva swali, hata kama ni mumeo, hata kama ni bosi wako, hata kama atanuna. Akinuna, ni mzima. Chimbua mikanda unayoikalia, mfunge mtoto. Kagua tairi, lile la akiba likiwamo.

Kitambaa unacho. Ukikosa, vua shati. Weka maandishi haya chini, toka nje, ukakitandike leo.